Mfuko wa Rasmiya

Nianze kwa kukiri kabla mtu mwingine hajanisemea: uvumi ule niliuanzisha mimi. Sikuwa na nia mbaya. Nilimwambia mtu mmoja tu, Nuzha, mke wa mwoka mikate, na nikamsihi asimwambie mtu. Anayemjua Nuzha atacheka hapo.

Mimi na Rasmiya tunatumia ukuta mmoja, huu mwaka wa arobaini na moja. Akikaanga vitunguu, nguo zangu kwenye kamba ndizo zinazonuka. Aliletwa mtaani kwetu akiwa bi harusi, kutoka kule bondeni kwenye chemchemi, mwisho wa mji, na siku zile miguu yake haikujua kutulia. Alichuma zeituni, alibeba kuni, alizaa watano na kuwapeleka shule huku theluji ikiwa chini. Kisha watoto wakaoa na kuolewa, wakatawanyika mji wa Zarqa na nchi za Ghuba, na Mifleh mumewe akastaafu jeshi akanunua pikapu. Tangu siku hiyo miguu ya Rasmiya nayo ikastaafu.

Mifleh ni mtu mwema, tusimwonee. Ila wema wake una magurudumu manne. Mke akitaka mkate, anapelekwa. Akitaka kwenda kwa kaka yake Nayef kule bondeni, anapelekwa na kusubiriwa. Siku moja ya mvua aliletwa kwangu kwa gari, mimi ambaye mlango wangu na wake haipishani hata hatua kumi na tano. Na alipopatikana na kisukari, miaka minne iliyopita, Mifleh alizidisha. Alinunua mashine ya kufulia, akamkataza ngazi ya kupanda darini, na kila mgeni aliyeingia aliambiwa, "Huyu mgonjwa, mwacheni akae." Basi Rasmiya alikaa. Alikaa mpaka kochi likashika umbo lake, na sukari ikapanda bila kutumia ngazi.

Mwezi wa tisa alikwenda kituo cha afya kuchukua vidonge vyake, na huko akakutana na nesi mpya, Ibtihaj, binti mwembamba asiyecheka. Mazungumzo yao nimeyasikia kwa Rasmiya mara nyingi hata nayajua kwa moyo.

"Mama, kipimo chako cha sukari cha miezi mitatu ni kumi na nukta mbili. Unafanya mazoezi?"

"Mwanangu, mimi mazoezi yangu ni nyumba. Nafua, napika, nafagia."

"Nani anafua?"

"Mashine."

"Basi mashine ndiyo yenye afya nzuri," nesi alisema, na hakucheka. Kisha akamweleza kwamba msuli unaofanya kazi unakula sukari iliyomo kwenye damu, hata kama mtu hapungui kilo moja. Kwamba vidonge peke yake ni kama kufagia huku mlango uko wazi. Nusu saa, siku tano kwa wiki, kwa mwendo ambao mtu anaweza kuzungumza lakini hawezi kuimba. "Ukiweza kuimba, mama, hujatembea. Nipe miezi mitatu. Isiposhuka, tutaanza insulini, na hiyo miguu yako tutaiangalia kila mwezi."

Sindano hazikumtisha Rasmiya. Kilichomtisha ni hilo neno la miguu. Mama yake, marehemu Wadha, alikatwa mguu wa kulia kwa ajili ya sukari hiyo hiyo, akaishi miaka sita kando ya dirisha akiwatazama watu wakipita. Rasmiya alimwogesha kwa miaka yote sita. Hakuhitaji kuelezwa na nesi mwisho wa barabara ile ni wapi.

Jioni ile alimwambia mumewe, "Nataka kutembea."

"Kwenda wapi? Nikupeleke."

"Kutembea, baba Dirar. Kwa miguu."

Mifleh alicheka, kisha akaona hachekeshwi. "Gari liko mlangoni, na wewe upite barabarani kwa miguu? Watu watasema nini, Mifleh ameishiwa mafuta? Tena mgonjwa, mama. Mgonjwa anapumzika. Hata mbuzi mgonjwa halazimishwi kupanda kilima."

Rasmiya hakubishana. Mwanamke aliyekaa na mume miaka arobaini anajua la kujadili na la kufanya. Alasiri Mifleh huenda kwa Ratib kinyozi kucheza karata mpaka adhana ya magharibi. Mumewe akitoka na pikapu, Rasmiya alikuwa akivaa raba alizoletewa na bintiye, anachukua mfuko wake wa nguo, anatoka. Aliteremka barabara kuu mpaka bondeni kwa Nayef, kwa sababu kwetu mwanamke hatembei hivi hivi tu, lazima awe na aendako. Huko anakunywa maji, anamsalimu wifi yake Fiddah, kisha anarudi kwa njia ya chini, ya kwenye mizeituni, ambayo ni kilima kitupu na hakuna anayemwona akihema. Mifleh akirudi anamkuta kwenye kochi, ameiva mashavu.

Hayo yote niliyajua baadaye. Wakati ule nilijua nilichokiona dirishani, na nilichokiona ni hiki: mke wa mtu mwenye gari, anatoka kwa miguu, uso umekaza, mfuko mkononi, anaelekea nyumbani kwa kaka yake. Na kurudi, harudi. Sasa niambieni, mngefikiri nini? Kwetu mwanamke anayebeba mfuko alasiri kuelekea kwao amesusa. Mume amemkosea, na atakaa kwao mpaka wazee waende kumrudisha.

"Nuzha," nilisema kesho yake, "nadhani Rasmiya amesusa."

"Lakini asubuhi nimemwona kibarazani kwake akianika majani ya zaatari."

"Basi Mifleh alimfuata akamrudisha kimyakimya."

Alasiri ile akatoka tena na mfuko. Tukaelewa kwamba amesusa upya. Ilipofika wiki ya sita mji mzima ulijua kwamba Rasmiya anasusa kila alasiri na kurudishwa kila jioni, na badala ya kujiuliza kama jambo hilo linawezekana, watu walimsifu Mifleh kwa uvumilivu. Lisemwalo lipo, walisema. Mimi nami nilianza kuliamini zaidi niliposikia likirudi kwangu kwa midomo mingine, limenenepa, limetiwa viungo.

Aliyekuwa hajui ni Mifleh peke yake, mpaka alhamisi moja ya mwezi wa kumi na moja. Ratib alikuwa akimkata ndevu, akamwambia kwa upole, "Baba Dirar, mvumilie. Wanawake wakifika umri huo moyo wao huwa mwepesi."

"Mwepesi vipi?"

Ratib akamweleza vipi. Na bahati mbaya ni kwamba alasiri ileile ukungu ulipanda kutoka bondeni, ukungu wetu ule ambao mtu haoni mkono wake, na Rasmiya akashindwa kushika njia ya mizeituni. Simu yake ilikuwa inakata roho. Akampigia mumewe, akasema neno moja la haraka, "Leo nalala kwa kaka," ikazimika. Mifleh alisimama katikati ya duka la kinyozi, ndevu upande mmoja.

Saa moja asubuhi ya ijumaa alikuwa mlangoni kwangu. Hakuwa amelala.

"Mama Sakher, wewe ni jirani, na jirani ni dada. Nimemkosea nini?"

Hapo ndipo ningesema. Nilikuwa na mdomo, nilikuwa na nafasi. Nikasema, "Wanawake hukumbuka mambo, baba Dirar. Fikiri."

Akafikiri, maskini, akasimama pale akihesabu dhambi zake kwenye kizingiti changu. "Ni ule mansafi," alisema mwishowe. "Idi ile nilisema mbele ya wageni kwamba mtindi aliopikia nyama una chumvi pungufu. Nilimwona alivyonitazama."

"Inawezekana," nilisema, na nikaona haya mpaka masikioni.

Basi Mifleh akaenda kwa Mzee Hayel. Mzee Hayel ndiye ulimi wa mji wetu; hakuna ndoa, kisasi wala mpaka wa shamba usiopitia kwake, na akianza kusema mpishi anaweza kuweka mchele motoni na ukaiva. Baada ya swala ya ijumaa ujumbe ulikuwa tayari: wazee kumi na mmoja, magari sita, na sinia la kunafa iliyolowa shira, la ukubwa wa gurudumu la trekta, kumpelekea mwanamke mwenye kisukari. Mimi niliomba lifti kwa mdogo wangu nikawatangulia. Nilijiambia naenda kumsaidia Fiddah kupokea wageni. Ukweli ni kwamba mwenye kuwasha moto hawezi kukaa mbali nao.

Nilimkuta Rasmiya na Fiddah chumba cha ndani, wameketi chini wakiponda zeituni mbichi kwa jiwe. Magari yakaanza kupaki nje, moja baada ya jingine. Rasmiya akachungulia dirishani.

"Fiddah, wazee hao. Wamekuja kumposa nani? Wewe huna binti."

"Sina," alisema Fiddah.

Wote wawili wakanitazama. "Wamekuja kwa ajili yako," nilimwambia Rasmiya. Na hapo, kwa kuwa muda haukuwepo, nilimwambia yote: dirisha, mfuko, Nuzha, mansafi. Alinisikiliza jiwe likiwa mkononi, na kwa dakika moja sikuwa na hakika ataliweka wapi.

"Mimi nimesusa?" aliuliza. "Kila siku?"

"Kila siku. Siku za juma, yaani. Ijumaa na jumamosi unapumzika."

Alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha sauti ya Mzee Hayel ikasikika sebuleni, na akaacha.

Kati yetu na sebule palikuwa na pazia tu. Nayef alimimina kahawa chungu kutoka kwenye dele, akazunguka na finjani. Mzee Hayel akapokea yake, akaiweka chini bila kuinusa, na wazee kumi wakaweka zao. Kwetu hiyo ina maana moja: tuna ombi, na koo zetu zimefungwa mpaka utukubalie.

"Kunyweni, wazee wangu," alisema Nayef, akiwa hajui hili wala lile. "Mlilolijia mmelipata."

Mzee Hayel alianza na Adamu. Alipita kwa manabii kadhaa, akasifu ukoo wa Nayef na ukoo wa Mifleh, na alipofika kwenye jambo kahawa ilikuwa imepoa. "Tunamtaka dada yako arudi kwa mumewe."

"Kwani ameondoka lini?" aliuliza Nayef.

Wazee wakanong'onezana kwamba Nayef ana kiburi. Mifleh akashindwa kuvumilia, akasimama. Ndevu zake bado zilikuwa upande mmoja. "Nayef, shemeji yangu, kama ni ule mansafi, nimekosa. Chumvi ilikuwa sawa. Nasema mbele ya watu wote."

Rasmiya akavuta pazia akatoka. Ana mjukuu mwenye ndevu. Umri huo hakuna wa kumwambia rudi ndani. Alisimama mbele yao na raba zake na ujiuji wa zeituni mikononi. "Salamu kwenu, wazee wangu. Mimi sikususa. Natembea. Nesi ameniambia nitembee kwa ajili ya sukari, na nimekuwa nikitembea miezi miwili. Huku nakuja kwa sababu lazima mtu awe na aendako."

Kisha Mzee Hayel akapiga paja kwa furaha. "Basi si neno. Mambo yameisha. Alhamdulillahi, hakuna ugomvi, kuna ugonjwa tu, na mgonjwa anapumzika. Mifleh atakupeleka kila utakapo, na hakuna atakayekuona tena barabarani."

"Hakuna," alisema Mifleh, na nuru imemrudia usoni. "Mbele yenu wote, naapa kwa —"

"Usiape," alisema Rasmiya.

Nikaelewa alichokiogopa. Mume wake akiapa mbele ya wazee kumi na mmoja kwamba mguu wake hautakanyaga lami tena, hautakanyaga. Kiapo kama kile hakuna nesi anayeweza kukifungua. Angerudi kwenye kochi kwa heshima zote, na baada ya kochi ni dirisha.

Akarudi ndani kwa hatua tatu, akachukua ule mfuko niliousingizia, akautia mkono. Nilijua kungekuwa na chupa ya maji na tende chache, na vilikuwemo. Lakini alichokitoa kilikuwa kiatu. Kiatu cha kike, cheusi, cha mguu wa kulia, cha mtindo wa zamani, soli yake mpya kabisa. Akakiweka chini, mbele ya finjani za wazee.

Kuweka kiatu mbele ya wageni kwetu ni tusi, na mzee mmoja alirudisha miguu yake nyuma. Rasmiya hakuomba radhi.

"Mnakijua hiki?" aliuliza. "Ni cha mama yangu Wadha. Alinunuliwa viatu hivi Idi, na mwezi uliofuata mguu wake ukakatwa. Cha kushoto alikivaa mpaka kikatoboka. Hiki hakikuvaliwa hata siku moja. Kila nikichoka kwenye kilima kile nakigusa, nakwenda mbele. Mama alipumzika, wazee wangu. Sote tulimpumzisha. Tulimpenda, tukamletea kila kitu kitandani."

Nusu ya wazee wale walikuwa wamekaa kando ya dirisha la Wadha na kumletea machungwa. Nami nilikuwa nimekaa. Nililia pale nyuma ya pazia, na sioni haya kusema.

Rasmiya akainama, akachukua finjani moja iliyojaa, akaiweka chini upande wake. "Nanyi mna ombi, nami nina ombi. Kahawa hii siinywi mpaka nikubaliwe. Narudi nyumbani leo kwa miguu. Jumapili natoka tena kwa miguu. Na asiniulize mtu nimekosewa na nani."

Macho yote yalimwendea Mifleh. Kisha akapiga magoti, akaokota kile kiatu cha mkwewe, akashika ncha ya kitambaa chake cha kichwani, cheupe, cha ijumaa, akafuta vumbi la soli ambayo haikuwahi kuwa na vumbi la kutembea. Akakirudisha mfukoni polepole, akautia mfuko begani kwake.

"Njia ya mizeituni ni ipi?" alimwuliza mkewe. "Sijapita huko tangu tuoane."

Wakanywa kahawa, baridi vile vile. Na kwa kuwa ujumbe wa wazee hauwezi kumrudisha mke kisha ukapanda gari wakati yeye anatembea, ilibidi wote kumi na mmoja wamfuate. Magari sita yalibaki bondeni. Kunafa ilibaki kwa Fiddah. Kilima kile mnakijua au hamkijui, lakini Mzee Hayel alikijua siku ile. Katikati yake Rasmiya aligeuka akamwuliza, "Mzee wangu, unaweza kuzungumza?" Mzee Hayel akatikisa kichwa. Katika maisha yangu yote ndiyo mara ya kwanza nimemwona hana la kusema.

"Basi punguza mwendo kidogo," alimwambia. "Kuzungumza kunaruhusiwa. Kuimba ndiko hakufai."

Mwezi wa kumi na mbili kipimo chake kilikuwa saba na nukta nne. Nesi Ibtihaj alitazama karatasi mara mbili, kisha, nasikia, akacheka. Mifleh anatembea naye jumapili hadi alhamisi, karata zimesogezwa hadi baada ya magharibi, na mfuko anaubeba yeye.

Mimi niliendelea kutazama dirishani na kusema kwamba mimi nina afya yangu, napanda darini kuanika nguo, hayo ndiyo mazoezi yangu. Rasmiya akaniburuta kwa nesi nikapimwe. Ibtihaj akaniuliza napanda darini mara ngapi. Nikasema mara mbili kwa wiki. Namba yangu sitawaambia, kwa sababu Nuzha naye anasoma.

Kesho yake alasiri nilitia chupa ya maji na tende mfukoni, nikavaa raba za mwanangu Sakher zilizonizidi kidogo, nikafungua mlango. Mume wangu aliinua macho kutoka kwenye gazeti.

"Mama Sakher, unakwenda wapi na mfuko?"

"Kwa kaka yangu," nilisema.

Uso ukamwiva. Nilimwona akitafuta kichwani amenikosea nini, na kwa kuwa yapo, nilimwacha ayatafute. Kisha akaweka gazeti chini akaanza kutafuta viatu vyake.